Mke wa Muuliza Maswali Hachezi

Nilipaswa kukataa. Bwana Kilonzo, mwenyekiti wa klabu yetu pale Makongeni, aliniita ofisini Jumatatu asubuhi, akanimiminia chai, akaniambia kamati imekubali nichukue nafasi ya Mzee Njuguna kwenye chemsha bongo ya kila Jumamosi, ila kwa sharti moja: mke wangu asicheze tena. Nilisema sawa. Nilisema sawa chai ikiwa bado inatoa mvuke, na sikuomba hata siku moja ya kwenda kumuuliza mwenyewe aliyekuwa akizuiwa.

Nawaandikia ninyi mnaoendesha chemsha bongo siku hizi katika baa na kumbi za Eastlands, wenye spika kubwa na maswali ndani ya simu. Mmoja wenu aliniomba nimsimulie kazi hii ilivyokuwa zamani. Nilianza kumsimulia kwa mdomo, nikajikuta nayaruka yale ya maana, kwa hiyo nimekaa chini niandike. Vyeo na mshahara sitavitaja. Vyeo vilikuwa viwili tu, na mshahara haukuwahi kumhamisha mtu mtaa.

Nilifika pale klabuni nikiwa na cheti cha kidato cha nne na miaka kadhaa ya vibarua nyuma yangu. Klabu ilikuwa ya watu wa mtaa, wengi wao wafanyakazi wa reli: ukumbi mmoja mrefu, baa upande huu, chumba cha kusomea magazeti upande ule, na ubao wa vishale ambao sikuwahi kumwona mtu akiulenga kabla ya kunywa. Niliandikwa kuwa karani. Kwa kweli nilifagia, nikafungua madirisha, nikapanga magazeti kwenye vijiti vyake, na Jumamosi alasiri nikatandaza meza kumi na mbili kwa ajili ya chemsha bongo, iliyoanza saa kumi kamili kwa saa ya Mzee Njuguna, si kwa saa ya ukutani.

Siku yangu ya kwanza Mzee Njuguna hakunisalimia. Aliniuliza mto mrefu zaidi Kenya ni upi. Nikajibu Tana. Akaniuliza nimejuaje, nikasema nilifundishwa shuleni.

"Basi hujui," akasema. "Umeambiwa. Kaa hapo."

Alikuwa mtu wa Murang'a, mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, na kabla ya kustaafu alikuwa karani wa stoo ya reli. Maswali yake aliyaandika kwenye kadi alizokata kwa mkasi kutoka kwenye majalada ya faili kuukuu, swali upande mmoja, jibu upande wa pili, zote ndani ya kopo la biskuti lenye kufuli dogo. Kopo lilikwenda naye nyumbani na kurudi naye. Mimi nilikusanya karatasi za majibu na kujumlisha alama, basi.

Alinifundisha mambo matatu, nami nayaandika hapa kwa sababu bado ni kweli hata kama kopo lenu ni simu.

La kwanza ni la penseli. Majibu mengine aliyaandika kwa wino na mengine kwa penseli, nami nilidhani ni kwa sababu ya kubana matumizi. Akanieleza kwamba mto hauhami na mlima hauhami, hivyo ni vya wino. Lakini rais anahama, rekodi ya mbio inahama, na mji mkuu pia unahama. Nilimuuliza mji utahamaje. Akasema, "Waulize Watanzania." Hivyo vyote ni vya penseli, na kila wiki alikaa na kifutio akiangalia ni kipi kimehama.

La pili: ukiwa na shaka, tupa swali, vuta lingine. Swali likitupwa halina jamaa wa kulililia.

La tatu, muuliza maswali akikosea, kosa lake husomwa ukumbini Jumamosi inayofuata, kabla ya swali la kwanza, akiwa amesimama. Mzee alifanya hivyo mara mbili katika miaka niliyokuwa chini yake, na mara zote mbili alivua kofia.

Sasa nimlete mke wangu. Rodah alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza yetu, na alishona sare za shule za nusu ya mtaa. Alikuwa ameishia darasa la saba, na kati yetu wawili yeye ndiye aliyejua mambo. Alisoma kila kitu: gazeti lililofungiwa nyama, karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti ya dawa, jarida la kanisa lililoachwa kwenye kiti. Kila Jumamosi alicheza kwenye timu ya Dirishani, iliyoitwa hivyo kwa sababu ya meza yao. Swali likishasomwa, wenzake walinong'ona na kubishana. Yeye alinyamaza, akasugua kidole gumba juu ya kile cha shahada kama mtu anayepima kitambaa, kisha akaandika. Dirishani walishinda mara nyingi mno, na hilo ndilo lililotuponza.

Asubuhi zetu zilikuwa hivi. Mimi nakunywa chai, yeye anasoma na kunieleza: nchi fulani imebadilisha jina, mwanariadha fulani amevunja rekodi, wataalamu wamegundua hiki. Nami nikifika kazini Mzee Njuguna ananiuliza, "Mke wako anasema nini wiki hii?" Nikimweleza, anachukua kifutio. Rodah hakuwahi kuona kadi hata moja. Lakini kadi zile zilikuwa sahihi kwa sababu yake, na mzee alijua.

Kesi ngumu zilikuwepo. Ninayoikumbuka zaidi ni ya jua. Mzee aliuliza: jua likiwa utosini ni saa ngapi? Kadi ilisema saa sita. Meza moja ya makarani wa ofisi za mjini ikaandika kumi na mbili, kwa sababu saa zao za mkononi zilisema hivyo. Nusu ya ukumbi ikasema saa kumi na mbili ni wakati wa kuwasha taa, hao wamelewa. Nusu nyingine ikawatetea. Kiti kimoja kilivunjika. Mzee Njuguna hakumpa mtu alama wala hakumnyang'anya mtu. Aliichana kadi mbele yetu sote, akaitupa, akavuta nyingine. Chemsha bongo ikaendelea kama vile jua halijawahi kuwa utosini.

Mzee alipochoka miguu, aliamua kurudi Murang'a. Aliniachia kopo na ufunguo, akaiambia kamati kwamba mimi ndiye, kisha kamati ikaanza kunong'ona. Ndipo Bwana Kilonzo akaniita kunywa ile chai.

"Barasa," akaniambia, "wewe na mama mnalala kitanda kimoja. Sasa hayo maswali yatalala wapi?"

Nilicheka. Lilikuwa swali zuri. Ningeweza kumjibu kwamba yatalala kwenye kopo, chini ya kufuli, kama yalivyolala kwa Mzee Njuguna. Ningeweza kumwambia Rodah hajawahi kuhitaji kuibiwa jibu maishani mwake. Ningeweza kumwachia mtu mwingine maikrofoni. Lakini nilikuwa nimekusanya karatasi za watu kwa miaka minane, na niliitaka maikrofoni ile kuliko nilivyojua.

Nilimwambia Rodah jioni hiyo, akiwa kwenye cherehani. Hakusimamisha mguu.

"Na mimi nimeulizwa na nani?" akasema.

Nikamwambia ni kwa muda tu, watu wakishanizoea sharti litaondolewa. Cherehani ikaendelea. Wiki hiyo hiyo kamati ikaliandika sharti lile kwa herufi kubwa na kulibandika mlangoni, kati ya bei za soda na onyo la kutema mate: MKE WA MUULIZA MASWALI HACHEZI. Sikuwahi kuomba liondolewe. Karatasi ilipochakaa, mimi ndiye niliyeandika nyingine.

Kazi ilinipendeza, sitadanganya. Watu walianza kuniita Mwalimu, ingawa sijawahi kufundisha hata kuku kulala kwenye kibanda. Vijana waliponiomba raundi ya Sheng, lugha yao ya mtaani, nikaandika kadi ya kuuliza polisi huitwaje, na jibu langu lilikuwa karao. Meza ya wageni wa mtaa wa Kaloleni wakaandika neno lao, wetu wakaandika lingine, na mzee mmoja wa reli akaandika neno la ujanani mwake ambalo hakuna aliyelielewa isipokuwa polisi mstaafu aliyekuwa kaunta. Nikawapa wote alama, na raundi ya Sheng ikafa siku hiyo hiyo.

Nyumbani ndiko nilikoharibu. Kamati ilikuwa imemzuia Rodah kucheza tu. Mimi nikaongeza sheria zangu, ambazo hakuna mtu aliyeniomba. Nilitaka niweze kusimama mbele ya yeyote na kuapa kwamba mke wangu hajui lolote litakaloulizwa. Kwa hiyo akianza asubuhi, "Baba Linet, umeona hawa watu wamefanya nini huko..." mimi nainua mkono. Linet ni binti yetu, na hivyo ndivyo Rodah alivyoniita tangu binti alipozaliwa. "Mama Linet, tafadhali," nasema, "huenda nikalitumia." Mwanzoni alicheka. Baadaye aliacha kucheka, na baadaye kidogo akaacha kuanza. Tukabaki na chumvi imeisha, maji yamekatwa, Linet amepiga simu anasalimu. Mwanamke aliyenisomea dunia nzima kila asubuhi, nilimfundisha kuninyamazia, na nilijivuna kwa uaminifu wangu.

Kulikuwa na siku moja ambayo ingeokoa mengi. Penseli ya Mzee Njuguna ilikuwa ikififia, nami nikaamua kuzitengeneza kadi. Nilikaa mezani siku tatu nikipita juu ya maandishi yake kwa kalamu ya wino. Marais niliwaacha, sikuwa mjinga kiasi hicho. Lakini miji mikuu niliipitia yote, kwa mwandiko mzuri, na ilipendeza. Rodah alipita na kikombe, akasimama nyuma yangu, akatazama. Nilimsikia akivuta pumzi ya mtu anayetaka kusema neno. Nikafunika kadi kwa kiganja. Akaweka kikombe, akaenda zake.

Miaka ya baadaye Rodah alianza kwenda mtaa wa Ziwani kila Jumamosi mchana, kwa dada yake Esther. Alisema kuna kikundi cha akina mama kanisani kwao. Alirudi amechangamka, na niliona vyema kwamba amepata la kumfurahisha. Sikuuliza kikundi kile kinafanya nini.

Miaka mitatu iliyopita klabu iliandaa mashindano ya mitaa mitatu: Kaloleni, Ziwani na sisi wenyeji. Majina ya wachezaji yaliletwa kwa karatasi. Kwenye orodha ya Ziwani palikuwa na R. Nasimiyu. Nasimiyu ndilo jina ambalo mke wangu alipewa na babake, lakini kwetu Bungoma ukiita jina hilo sokoni wanageuka wanawake kumi. Sikushtuka.

Saa kumi kasoro dakika chache Ziwani wakaingia: fundi viatu mmoja, nesi mstaafu, mwuza mitumba, na Rodah. Alivaa ile sweta ya bluu niliyoiona asubuhi kwenye kamba. Aliweka simu yake ndani ya beseni la mlangoni kama kila mchezaji, akaketi, hakunitazama zaidi ya vile mchezaji anavyomtazama muuliza maswali. Nilijua papo hapo kikundi cha akina mama kilikuwa nini. Esther aliniambia baadaye kwamba Rodah alikuwa akichezea Ziwani kwa miaka minne.

Bwana Kilonzo alikuwa meza kuu. Macho yake yalikuwa yamedhoofika, hakumtambua. Wazee wawili watatu wa klabu walimtambua, wakanigeukia waone nitafanya nini. Nilipaswa kusema kabla ya swali la kwanza, au nisiseme kamwe. Nilifungua kopo, nikaanza.

Nawaambia kweli, katika miaka yote niliyoshika maikrofoni sikuwahi kuwa na saa nzuri kama ile. Niliuliza mnyama mwenye mioyo mitatu, na Rodah akajua ni pweza. Niliuliza madini yaliyo majimaji bila kupashwa moto, akajua ni zebaki. Alijua mifupa ya mtu mzima ni mingapi, alijua ziwa lenye kina kirefu kuliko yote duniani. Mimi nauliza, yeye anasugua kidole gumba, anajibu. Katikati ya raundi ya tatu nikatambua kwamba hatukuwa tumeongea mambo mengi namna ile kwa karibu miaka ishirini. Nikaanza kusoma polepole ili isiishe.

Kaloleni waliachwa nyuma. Ziwani na Makongeni wakafungana. Utaratibu ulikuwa swali moja la mwisho, wa kwanza kuinua mkono ndiye anayejibu. Nikaingiza mkono ndani ya kopo bila kutazama, nikavuta.

"Mji mkuu wa Burundi ni upi?"

Rodah akainua mkono. "Gitega."

Niligeuza kadi. Bujumbura, kwa wino, kwa mwandiko wangu mzuri. Nikasema si sahihi.

"Mwalimu, tazama tena," akasema, kwa utulivu.

Nilitazama tena, kana kwamba wino ungebadilika. Fundi viatu akasimama. Akasema huyu mama yuko sawa, walihamisha kitambo, apewe simu yake hapo kwa beseni awaonyeshe. Meza za kwetu zikamzomea. Mmoja akamwambia aketi, kazi yake ni soli. Mwingine akasema Ziwani hata ramani yao ni ya mitumba. Nao wakaanza kugonga meza: jibu la kadi ndilo jibu, jibu la kadi ndilo jibu.

Nilijua la kufanya. Ukiwa na shaka, tupa swali, vuta lingine. Nilikuwa na shaka, maana nilimjua aliyejibu. Mkono wangu ulikuwa tayari mdomoni mwa kopo. Lakini wale wazee walikuwa wakinitazama, na nikawaza kwamba nikilitupa swali watasema nimembeba mke wangu, na miaka yangu yote ya kuinua mkono wakati wa chai itakuwa ya bure.

Ndipo Rodah akasahau yuko wapi. Alikuwa ameinama mbele, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya asubuhi zetu za zamani.

"Baba Linet, umehama huo mji. Umehama kitambo."

Meza zikaacha kugongwa. Bwana Kilonzo akageuza kichwa, akauliza, "Nani huyo anamwita Mwalimu hivyo?"

Hakuwa ameniuliza mimi. Ningeweza kunyamaza. Nilishika maikrofoni nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, "Ni mke wangu. Haruhusiwi kucheza. Ziwani wametolewa."

Kulikuwa na kicheko kimoja nyuma, kikakatika. Rodah alisimama. Alikwenda mlangoni kuchukua simu yake, na kwa kuwa simu zilikuwa nyingi na zote nyeusi, ilimchukua muda. Alizigeuza moja moja, chini ya karatasi ile niliyoiandika mwenyewe, na ukumbi wote ukimtazama. Hakuna aliyekwenda kumsaidia. Mimi nilikuwa na maikrofoni mkononi. Kisha nikawakabidhi Makongeni kikombe, tukapigwa picha.

Nilimkuta nyumbani amepika na kufunika chakula changu. Jumapili asubuhi, nikiwa nafunga tai ya kanisani, nilimwona amesimama na mkoba.

"Ulipotaka ninyamaze, uliniambia humu ndani, sisi wawili," akasema. "Nikanyamaza. Kunitoa, umenitoa mbele ya watu."

Nikamwambia sheria ilikuwa sheria.

"Kilonzo hakunitambua, Baba Linet. Ungesema tu unavuta swali lingine."

Nilimalizia kufunga tai. Alisema anakwenda kwa Esther wiki moja.

Jumatatu nilimwomba mtu mmoja katika chumba cha magazeti atafute kwenye simu yake mji mkuu wa Burundi. Ilimchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Gitega, na ilikuwa hivyo kwa miaka kadhaa. Bila shaka iliandikwa kwenye magazeti yale yale niliyoyapanga kwenye vijiti kila asubuhi. Niliyapanga vizuri sana.

Jumamosi iliyofuata nilisimama kabla ya swali la kwanza kama nilivyofundishwa. Nikasema kwamba wiki iliyopita niliuita Bujumbura mji mkuu wa Burundi, nao ni Gitega, na Ziwani walikuwa sahihi. Watu wakapiga makofi, maana hakuna kinachowafurahisha kama kosa la muuliza maswali. Kuhusu mke wangu sikusema neno. Nilikuwa nimepanga kusema. Nilikuwa nimeliandika mpaka kwenye karatasi, nayo ilikuwa mfukoni. Nikamwona Bwana Kilonzo ametega sikio, nikaanza raundi ya kwanza.

Wiki moja ya Rodah ikawa mwezi. Siku moja Linet alikuja na mkokoteni kuchukua cherehani ya mamake. Alinisalimia kwa heshima, hakuketi.

Niliendelea na kazi karibu miaka mitatu zaidi, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda Jumamosi. Mwaka huu nimestaafu. Jumamosi ya mwisho walinipa saa ya ukutani na hotuba, na mmoja wenu akasema sijawahi kumpendelea mtu. Niliinamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Wiki iliyofuata nilikwenda Ziwani. Esther alinifungulia, akanipa kiti, akatoka nje. Rodah alikuwa akishona. Amenenepa kidogo, amependeza. Nilimwambia kwamba kosa la Burundi nililisoma ukumbini, nikiwa nimesimama, mbele ya watu wote. Nilidhani hajui. Alikuwa ameshaambiwa wiki ile ile.

"Burundi ulisahihisha," akasema. "Na mimi?"

Nikamwambia nitarudi klabuni niseme. Nitaomba dakika moja tu kabla ya swali la kwanza.

Akasimamisha mguu wa cherehani, jambo ambalo hakulifanya siku ile ya kwanza. "Umeshastaafu, Mwalimu. Sasa utasimama kama nani?"

Aliniita Mwalimu. Hakulitia uchungu wowote, alilisema kama mtu yeyote wa Eastlands anavyonisalimu njiani. Nilimuuliza kama atarudi nyumbani. Akasema hapana. Akaniuliza kama nitakunywa chai, nikanywa, tukaongea habari za Linet, nikaondoka kabla hajaanza kujiandaa, kwa sababu ilikuwa Jumamosi na alikuwa na mchezo.

Mtaniuliza niliyojifunza, nami nimeshayasema: penseli, kutupa swali, kusoma kosa. Yote nilifundishwa siku za mwanzo na Mzee Njuguna, na yote nilikuwa nayo mkononi siku niliyoyahitaji. Sikukosa maarifa. Niliogopa watakachosema watu wa meza kumi na mbili.

Basi na iandikwe wazi. Nilikubali sharti la kamati kwa sababu niliitaka maikrofoni. Kwa miaka ishirini lilininyima mazungumzo ya mke wangu tukiwa chini ya paa moja, kisha likaniondolea mke mwenyewe. Rodah anaishi Ziwani, mwendo usiozidi saa moja kwa miguu kutoka hapa, na hatarudi. Mimi nakunywa chai yangu ya asubuhi peke yangu Makongeni.